Bado Hajakugusa

Esta alipofikishwa zahanati alikuwa bado anaongea, na hilo ndilo lililokuja kuharibu mambo. Watu waliombeba kwa machela kutoka ng'ambo ya korongo walimsikia akiomba maji. Walimsikia akimwambia mumewe asisahau kuwafunga mbuzi. Mtoto alikuwa amezaliwa nyumbani akiwa amekufa, kondo la nyuma likakataa kutoka, na damu ilikuwa imelowesha blanketi na kudondoka njia nzima. Verediana, mkunga wa zahanati ile, alimfunua kope, akamtazama kucha, akajua kwamba wamechelewa. Hata hivyo alifanya kama alivyofundishwa. Akatoa sindano kwenye sufuria iliyokuwa ikichemka, akavuta dawa ya kuzuia damu, akamdunga pajani.

"Inauma kidogo," Esta alisema.

Halafu akanyamaza, na hakusema neno tena.

Jailos, mumewe, alikuwa amesimama mlangoni. Yote hayo aliyaona.

Zahanati ilikuwa juu milimani, mbali na Ilula, mahali ambapo lori lilipanda wakati wa kununua mahindi tu. Ilikuwa nyumba ya matofali mabichi yenye paa la bati, iliyojengwa kwa kodi ya wenyeji baada ya vita vya Hitla. Wafanyakazi walikuwa wawili. Dresa, Yotamu Kalinga, mtu wa makamo na mzee wa kanisa la Kiluteri, alitibu vidonda, homa na kikohozi. Verediana, mjane aliyesomea ukunga kwa masista, alishughulika na akina mama. Aliishi chumba cha nyuma, akalima bustani yake ya kabichi, na watoto wengi wa vilima vile walikuwa wamepita mikononi mwake.

Jailos hakuwa mlevi wala mgomvi. Alikuwa mkulima wa mahindi na ulezi, mtu wa maneno machache, ambaye jirani akikwama shambani humwita yeye kwanza. Matanga yalipokwisha alikuja zahanati asubuhi, akakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa. Verediana alidhani anaumwa. Wagonjwa walipomalizika akainuka na kusogea dirishani.

"Kamwene, mama mkunga."

"Kamwene, baba. Pole kwa msiba."

"Ulimpa nini mke wangu?"

Verediana alimweleza taratibu, kama unavyomweleza mtu aliyefiwa. Damu ilikuwa imekwisha mwilini. Dawa ile huzuia damu, lakini ilikuta hakuna cha kuzuia. Alimletea hata kichupa chenyewe akishike. Jailos alikigeuza kwenye mwanga, akakinusa.

"Haina harufu," alisema.

"Haina."

"Alikuwa anaongea. Ukamdunga, akanyamaza."

"Angenyamaza hata nisingemdunga, baba."

Jailos aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa, akamshukuru, akaenda zake. Kesho yake alirudi. Alikaa kwenye benchi mpaka watu wakaisha, akasogea dirishani na kuuliza swali lile lile kwa sauti ile ile. Verediana akaeleza upya. Keshokutwa ikawa hivyo hivyo.

Mwanzoni alimhurumia. Yeye mwenyewe alipofiwa na mumewe alikuwa akiwauliza watu jambo moja mara nyingi bila kusikia jibu. Lakini Jailos hakuchoka. Baadaye aliliacha dirisha, akawa anaingia ndani na kusimama nyuma ya kila mwanamke anayedungwa, akitazama sindano inavyoingia. Hakumzuia mtu wala hakusema kitu. Wanawake walianza kuwavuta watoto wao na kuondoka. Mama mmoja mjamzito alimnong'oneza Verediana, "Nitarudi siku ambayo Jailos hayupo." Siku hiyo haikuwapo.

Ndipo siku moja akaja na mundu. Kila mwanamume wa huko hutembea na mundu akienda shambani, kwa hiyo hakuna aliyeushangaa. Alikaa nao magotini, umenolewa ukang'aa, mpaka benchi likabaki tupu.

"Mtu mzima asiyeumwa akidungwa dawa ile, atakufa?"

"Hapana."

"Basi jidunge."

Verediana alimtazama Yotamu, aliyekuwa akisafisha kidonda cha mzee mmoja upande wa pili wa chumba. Yotamu aliinua uso.

"Jailos, ndugu yangu," alisema, "dawa hiyo ni ya akina mama waliojifungua. Si ya kuchezea."

"Sichezi, mzee. Nataka nione."

Kama ningekataa, Verediana alijiuliza baadaye, angefanya nini? Hakulijua jibu, na wakati ule pia hakulijua. Alijua tu kwamba amechoka kuulizwa. Akavunja kichupa, akavuta dawa, akapandisha sketi na kujidunga pajani mbele ya wanaume watatu. Jailos alingoja. Tumbo lilimkata Verediana, akatoka nje kutapika nyuma ya nyumba, akarudi akijishikilia ukutani. Jailos alikuwa angali pale pale.

"Umeona?" Verediana akamwambia. "Mimi hapa."

Jailos alikitazama kichupa kilichovunjwa.

"Ile ilikuwa chupa nyingine," akasema, akachukua mundu wake na kuondoka.

Jioni ile Verediana alimwambia Yotamu kwamba mtu yule atamuua mtu. Yotamu alivua miwani na kuifuta kwa kanzu yake nyeupe ya kazi.

"Ana uchungu, mwanangu. Atachoka. Namwombea kila siku."

"Na mimi namwombea, mzee. Lakini mlango ni mmoja, na yeye ndiye hukaa karibu nao."

Walikubaliana aende kwa jumbe, mkuu wa wenyeji wa pale. Jumbe alimpokea vizuri, akamkaribisha kiti na maziwa ya mgando, akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Amekugusa?" aliuliza.

"Bado hajanigusa."

"Amekutukana?"

"Hapana, jumbe. Ananisalimia vizuri."

"Sasa, binti yangu, nimkamate kwa kosa gani? Kukaa kwenye benchi? Benchi lile limejengwa kwa kodi, na ya kwake imo. Mundu? Hata mimi nina mundu."

"Nakuomba tarishi mmoja tu wa baraza lako, akae mlangoni alinde."

"Matarishi wangu wako kwenye kodi. Na zahanati ni mambo ya Bwana Mganga wa Iringa, nisije nikaonekana najiingiza." Alimsindikiza hadi njiani, na kabla ya kuagana akamwambia kwa upole, "Akikugusa, njoo siku hiyo hiyo. Hata kama nakula, nitainuka."

Verediana akateremka Ilula kwa miguu, akapanda lori la mizigo hadi Iringa mjini. Bwana Mganga Mkuu alikuwa Mzungu mrefu, mwenye Kiswahili alichojifunza kitabuni, na hakuwa mtu mbaya. Alimfanya akae. Alimuuliza kuhusu Esta, akasema kwamba hata yeye asingeweza kumwokoa. Maneno hayo Verediana aliyapokea kama maji ya kunywa, maana hakuna aliyekuwa amemwambia. Kisha naye akauliza, "Mtu huyu amekupiga?"

"Bado, Bwana."

"Amesema atakupiga?"

"Anauliza swali. Kila siku ananiuliza swali moja."

Bwana Mganga alikuna shavu. Alisema hana askari wa kuweka kwenye zahanati, askari ni wa polisi. Na matarishi si wake, ni wa baraza la wenyeji.

"Jumbe amenituma kwako," Verediana alisema.

"Ndiyo, ndiyo. Jumbe hunitumia watu wengi." Akatazama ramani iliyobandikwa ukutani. "Idodi kunahitajika mkunga. Nitakuhamisha. Utaondoka pale, na mambo yatakwisha."

"Na atakayekuja mahali pangu, Bwana?"

"Huyo hana neno naye. Ugomvi wake ni na wewe."

"Ugomvi wake si na mimi. Ni na sindano."

Lakini Bwana Mganga alikwisha geukia kazi nyingine, na karani alikuwa amemfungulia mlango. Verediana alirudi na lori, amekaa juu ya magunia, upepo wa baridi ukimpiga usoni, asijue kama amepewa alichokwenda kukiomba au amenyang'anywa.

Aliyeletwa badala yake alikuwa Atuganile, binti wa Kinyakyusa kutoka Tukuyu, aliyemaliza mafunzo mwaka ule ule. Hapo ndipo alipopangiwa kazi kwa mara ya kwanza. Alifika na sanduku la bati na mkungu wa ndizi za kwao, anacheka na kila mtu, Kihehe hakijui hata kidogo. Verediana hakumficha kitu. Alimkalisha chumbani, akamsimulia habari ya Esta, ya swali, na ya siku aliyojidunga. Kesho yake alimwonyesha Jailos kupitia dirishani.

Atuganile alimtazama. Kicheko kilikuwa kimekatika.

"Sasa nifanyeje, dada? Nikatae kazi?"

"Sijui."

"Nikikataa watasema mtoto wa mzee Asukile amesomeshwa bure. Na hapa ataletwa mwingine."

"Ndiyo. Ataletwa mwingine."

Wakafanya yale waliyoweza. Waligeuza meza ili mkunga awe anautazama mlango. Waliomba fundi awatobolee mlango wa nyuma, fundi akasema ukuta wa serikali hatoboi mpaka apate ruhusa, na ruhusa inatoka Iringa. Yotamu aliahidi kwamba hatatoka chumbani wakati Jailos yumo. Akina mama walioshuka kuja kumuaga Verediana walimpa mayai, na wengine walimuuliza kwa nini anawakimbia.

Siku ya kuondoka, mtu wa kumbebea sanduku hadi Ilula hakutokea. Jailos aliinuka kwenye benchi, akalitwika. Verediana alitaka kukataa, lakini angekataaje mbele ya watu, naye amekuja kwa heshima? Wakashuka mlima, Jailos mbele na yeye nyuma. Huko chini, barabara kuu ilikuwa imekwisha onekana, Jailos akasema bila kugeuka:

"Huyu mgeni anatumia chupa zile zile?"

"Dawa ni moja, baba. Iringa, Mbeya, nchi nzima wanatumia hiyo hiyo."

"Nchi nzima," Jailos alirudia.

Hapo Verediana aliyajutia maneno yake. Alikuwa amesema kweli, na hakuwa na neno lingine la kusema badala yake. Lori lilikuwa tayari, dereva anapiga honi, abiria wananung'unika. Alimshika mkono mwanamke mmoja aliyekuwa akiuza vitunguu kando ya barabara, mtu wa kule juu, akamwomba akifika amwambie Yotamu awe macho sana. Mwanamke akakubali, na ujumbe akaufikisha. Yotamu alikuja kuthibitisha hilo mwenyewe.

Idodi kulikuwa na joto na vumbi, na watu waliomfuata asubuhi hawakuwa na neno naye ila magonjwa yao. Verediana alishangaa jinsi alivyotulia upesi. Alidunga, akazalisha, akalala usingizi. Kila alipotambua kwamba amelala vizuri, alimkumbuka Atuganile.

Habari ililetwa na dereva wa gari la dawa. Alishusha makasha, akaomba maji, akanywa, ndipo akasema, "Yule binti wa Kinyakyusa wa kule milimani amekatwa mkono. Yuko hospitali Iringa." Verediana aliomba nafasi kwenye gari lile lile, akaenda Iringa.

Yaliyotokea alisimuliwa na Yotamu, aliyemkuta uani mwa hospitali, kichwa amefungwa bendeji. Shemeji yake Jailos, mke wa mdogo wake, alikuwa amejifungua pale zahanati asubuhi, na damu ikawa nyingi. Atuganile akavuta dawa. Jailos akaingia.

"Alimwambia, 'Binti, usimdunge.' Kwa upole tu, kama anavyosema siku zote," Yotamu alieleza. "Atuganile akamwambia, 'Baba, nisipomdunga atakufa.' Mimi nikasimama katikati. Nilisimama, Verediana. Nilimwambia, 'Jailos, pita kwangu kwanza.' Akanisukuma, nikaangukia jiko. Nilipoinuka mundu ulikuwa umekwisha shuka."

"Na yule mama?"

"Nilimfunga Atuganile mkono, kisha nikamdunga mama. Yu mzima. Mtoto mzima. Jailos alikuwa amerudi kukaa kwenye benchi, anawangoja matarishi. Wakampitisha shemeji yake mbele yake, amekaa kwenye machela, anakunywa uji. Alimtazama, akatazama chini."

Verediana alimwacha pale, akaingia wodini.

Atuganile alilala kitanda cha mwisho, mkono wa kulia umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Mundu ulikuwa umepita kwenye mishipa ya mkono. Jeraha lingepona, walisema, lakini vidole havikuweza kufumba. Mkunga gani asiyeweza kushika kamba ya kitovu? Hakuna aliyemwambia hivyo, na hakuwa na haja ya kuambiwa. Verediana alimnywesha uji kwa kijiko, siku zote alizoruhusiwa kukaa. Hawakuongea sana. Mara moja Atuganile alisema, "Niliweka meza vile vile, dada. Nilimwona tangu mlangoni." Akageuza uso.

Baba yake, mzee Asukile, alikuja kutoka Tukuyu kumchukua, safari ya malori na kulala njiani Mbeya. Alikuwa mzee mfupi, amevaa koti zito, na alimwamkia kila mgonjwa wodini kabla ya kumfikia binti yake. Alipomwona mkono aliufunika kwa shuka. Baadaye alimwita Verediana nje, barazani.

"Wewe ndiye uliyemwonya mwanangu?"

"Ndiyo, baba."

"Na jumbe aliambiwa?"

"Nilimwambia mwenyewe."

"Na Bwana Mganga?"

"Aliambiwa pia."

Mzee alisugua magoti kwa viganja.

"Basi ni nani ambaye hakuambiwa?"

Mzee aliinuka, akamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga, mwanangu. Umemlisha vizuri," akaingia ndani kufunga mizigo.

Jailos alihukumiwa kifungo. Jumbe, kama alivyoahidi, aliinuka siku ile ile ya tukio, akaacha chakula chake, akamfunga kamba yeye mwenyewe. Barazani watu walimsikia akisema kwamba uovu wa namna ile hautavumiliwa, na akaweka tarishi mlangoni mwa zahanati, amevaa kofia nyekundu. Ruhusa ya kutoboa mlango wa nyuma nayo ilifika kutoka Iringa. Bwana Mganga akamwita Verediana.

"Wewe unawajua watu wa kule," alisema. "Na sasa ni salama."

Verediana alisema angependa kubaki Idodi. Bwana Mganga alisema anaelewa kabisa, ila mkunga mwingine hana, na akina mama wa kule wanazalia majumbani tangu siku ile. Hilo Verediana alilijua, na hakuweza kulipinga. Akarudi.

Tarishi alikaa mlangoni msimu wote wa baridi, akiota jua na kusalimiana na wasichana. Kodi ilipoanza kukusanywa aliitwa, akaenda, na hakurudishwa. Verediana alipanda kwa jumbe kuuliza. Jumbe alimpa maziwa, akamuuliza kama kuna mtu anayemsumbua kwa sasa.

"Kwa sasa hapana."

"Unaona?" jumbe alisema, amefurahi kwa ajili yake.

Mvua zilipoanza alikuja mama yake Jailos, bibi aliyekonda, anajikokota kwa kidonda cha mguu kilichokuwa kimeanza kunuka. Yotamu alikuwa amelala na homa, kwa hiyo Verediana alimhudumia mwenyewe. Alikiosha kidonda kwa maji ya chumvi, akakitoa usaha. Bibi alivumilia bila kulalamika, amekishika kiti kwa mikono yote miwili.

"Nilikwenda kumwona gerezani," alisema. "Wanamfundisha useremala."

"Anaendeleaje?"

"Anakula. Amesema mkunga wa zamani amerudi, amesikia. Amesema akitoka atakuja."

Verediana alisimamisha mkono.

"Atakuja kwa nini, bibi?"

Bibi alikuwa na macho yenye ukungu, na sura ya mtu ambaye hajawahi kusema uongo kwa sababu hakuona faida yake.

"Sikumuuliza. Labda kuomba msamaha. Labda kuuliza. Tangu mdogo hakuwa mtoto wa kuliacha jambo." Akaunyoosha mguu. "Wewe utamkaribisha tu, mwanangu. Zahanati ni ya watu wote."

"Ndiyo, bibi."

Alimpaka dawa, akamfunga kitambaa safi, akamwambia arudi kibadilishwe. Kisha akamsaidia kusimama, akamshika mkono mpaka nje. Kwenye benchi watu walikuwa wengi siku ile, wamejibana chini ya upenu kwa ajili ya mvua, na mwanamke mwenye tumbo kubwa alikuwa ameanza kuugulia. Mumewe alisimama kando yake, analowa. Verediana akawaambia waingie.